Hilo sharti kwenye hati yako, mwenyewe ni nani?

Mwezi huu barua zimemiminika za jambo moja mpaka nikaona bora nizijibu pamoja, manake ukijibiwa mmoja mwengine naye ananufaika. Zimetoka Malindi, Hindi, Ngomeni na Lamu mjini, na zote zinauliza kuhusu ule mstari ulioandikwa kwenye hati au kwenye rejista ya ardhi unaokwambia hii ploti usifanye hivi au usiuze bila ruhusa ya fulani. Mimi si wakili, mimi ni msaidizi wa kisheria, nimekaa na watu kwenye mabenchi ya ofisi za ardhi za pwani hii miaka kumi na tisa sasa, kwa hivo nawajibu nilichokiona na kilichoandikwa kwenye sheria. Kesi ikiwa ya korti nitakwambia tafuta loya.

*Assalaam alaikum Maalim. Sisi ni kikundi cha kina mama hapa Maweni, Malindi. Mwaka 1994 tulipewa ploti na serikali, hati ikaja ya lisi, yaani ya kukodishwa, ya miaka 99, na ndani imeandikwa itumike kwa nasari na ukumbi wa jamii peke yake. Sasa walimu wa nasari hawalipwi kwa wakati, na upande wa mbele unaangalia barabara, tukafikiria tujenge maduka matano tukodishe, pesa ilipe walimu. Kijana wa dada yangu yuko Marekani, Arizona, ameniletea voisi anasema huko kulikuwa na mji una shida kama yetu mpaka mswada ukapelekwa Bunge lao kuondoa sharti. Je na sisi tumwendee mbunge wetu? – Mwenyekiti, Maweni*

Waalaikum salaam mama. Kijana wako hajakuongopea hata kidogo. Hiyo habari naijua na nitakueleza ilivyo, kwa sababu ukiielewa ya kwao utaielewa na yako.

Marekani serikali yao kuu bado inamiliki ardhi nyingi mno, kama ekari milioni 640, yaani zaidi ya robo ya nchi nzima, na kuna majimbo kama Nevada ambapo karibu asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu. Sasa miji ikikua inahitaji mahali pa kuweka bustani, shule, stesheni ya zimamoto, kiwanja cha mpira. Mwaka 1926 wakatunga sheria ya kuruhusu serikali kuu itoe ardhi kwa miji kwa ajili ya mapumziko, na 1954 wakaipanua iingie na mambo mengine ya umma. Ardhi inatolewa kwa bei ya chini sana au bure, lakini hati inakuja na sharti: itumike kwa kazi ile iliyoombewa, na mji ukiigeuza au ukimpa mtu mwengine bila ruhusa, ardhi inarudi kwa serikali kuu. Si kwamba unapigwa faini mama, ardhi yenyewe inaondoka.

Mji aliokwambia kijana bila shaka ni Tucson. Pale kuna bustani inaitwa Udall Park, ekari 172 na ushei, ambayo mji ulipewa hati yake mwaka 1989 kwa masharti hayo hayo. Miaka ikapita mji ukataka kuitumia na kwa mambo ya kuingiza pesa, sharti likawakaba. Ndipo mswada ukapelekwa Kongresi, yaani Bunge lao, kuomba ile haki ya serikali kuu ya kurudishiwa ardhi iachiliwe, mji ubaki na hati safi. Na miswada ya aina hii iko mingi kule, si huo mmoja. Kuna viwanja vya ndege ambavyo miji ilipewa baada ya vita vya pili vya dunia kwa sheria ya 1944 ya kugawa mali ya jeshi iliyobaki, navyo vikaja na sharti vibaki viwanja vya ndege. Kuna mashamba yaliyochoka ambayo serikali kuu ilinunua miaka ya dhiki ya 1930, halafu kwa sheria ya 1937 ikayatoa kwa majimbo na vyuo, sharti yatumike kwa faida ya umma. Miaka sitini baadae chuo kinataka kuuza kipande au kubadilishana na jirani, kinakuta mkono wa serikali kuu bado uko kwenye hati.

Kwa nini lazima waende Bungeni? Kwa sababu katiba yao, kifungu cha nne, imeipa Kongresi yenyewe mamlaka juu ya mali ya nchi. Ofisa akiwa amefungwa na maneno ya sheria hawezi kujiamulia kulifuta sharti eti kwa sababu meya amemuomba vizuri. Aliyelitia ni sheria, wa kulitoa ni sheria. Na mara nyingi mswada wenyewe unasema mji ulipe gharama zote za sevei na karatasi, na pengine ulipe na thamani ya kile kinachoachiliwa, maana ardhi yenye sharti ina bei moja na ardhi iliyofunguliwa ina bei nyengine kabisa, na ile tofauti ilikuwa mali ya wananchi wote.

Sasa turudi Maweni. Kwetu hamna haja ya mbunge apeleke mswada kwa ajili ya ploti moja, na akija mtu akawaambia mchange pesa za mswada mfungieni mlango. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi ya umma haitolewi wala haitumiwi ila kwa sheria ya Bunge inayoeleza itolewe vipi, na sheria hizo zishatungwa tayari: ya Ardhi na ya Usajili wa Ardhi zote za 2012, na ile ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Mlango uko, nyinyi mtapitia mlango huo kama wengine. (Kuna mahali Bunge letu liliwahi kuigusa ardhi ya watu maalum kwa sheria yake peke yake, nayo ni ya Wamazrui kule Takaungu, kulikuwa na sheria ya amana inailinda, mwaka 1989 Bunge likaifuta, na wenyewe wakaja kudai haki yao kortini hapa hapa Malindi. Mimi nikikumbuka wazee wale naona bora ploti zetu zisifike huko.)

Lenu ni sharti la matumizi. Anayeshika mambo ya matumizi ya ardhi saa hizi ni serikali ya kaunti, yenu ni Kilifi. Lakini kabla hamjafika huko fanyeni sachi, yaani kuangaliziwa rejista ya ardhi, ya hivi karibuni, msitegemee fotokopi ya 1994 ambayo imekunjwa mpaka herufi zimefutika, halafu mtafute mtu anayesoma vizuri awasomee masharti yote mstari kwa mstari. Hati za lisi za miaka ile mara nyingi zilikuwa na mengi ndani: ujenge ndani ya miezi 24, usigawanye ploti bila idhini, usikodishe bila idhini. Nyinyi mmeona moja la nasari, pengine yako na mengine, na la kukodisha ndilo litakalowauma kwa sababu maduka ni kukodisha.

Mkishajua, mnatafuta mpangaji wa miji aliyesajiliwa awaandikie ombi. Na hapa mama naomba unisikilize sana. Kuna kuomba kubadilisha matumizi na kuna kuomba kuongezewa matumizi. Nyinyi msiombe kubadilisha! Mkibadilisha ikawa ya biashara, mnayo ploti ya biashara barabarani Malindi, na baada ya miaka kumi nyinyi wengine mtakuwa mmezeeka, kamati itakuwa ya watu wengine, na nasari itaondoka siku moja tu kwa kura ya mkutano. Ombeni kuongezewa, nasari na ukumbi vibaki vimeandikwa, na maduka yatajwe ni upande wa mbele. Tangazo litatolewa ili mwenye pingamizi aseme, msiliogope, waelezeni majirani mapema. Kaunti ikikubali, kazi haijaisha, sharti lililo ndani ya lisi bado linasoma vile vile mpaka lirekebishwe upande wa ardhi wa serikali ya taifa na kusajiliwa, na pale pengine mtaambiwa mlipe zaidi kwa sababu ploti imepanda thamani. Vikundi vingi vinaishia kwenye barua ya kaunti, vinajenga, halafu siku ya kutaka mkopo benki inasoma lisi inakuta nasari peke yake.

Na mihutasari ya mkutano wekeni, yenye sahihi za wanachama, si ya watu watatu.

*Maalim shikamoo. Marehemu baba yetu alipewa shamba kwenye skimu hapa Hindi, Lamu. Amefariki 2016. Tumefanya sachi tumekuta jina lake lakini pia kumeandikwa deni la wadhamini wa mfuko wa makazi na ati hakuna shughuli yoyote bila idhini yao. Kuna broka anasema kwa elfu themanini na tano ataondoa huo mstari ndani ya wiki mbili anao mtu wake ndani. Mnunuzi yuko tayari. Tufanyeje? – Kifungua mimba, Hindi*

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba. Huyo broka usimpe hata shilingi. Nimesema hivi kwa uchungu kwa sababu kuna familia nilikaa nayo, miaka mingi imepita, walilipa mtu kama huyo, akawaletea karatasi ina mhuri mzuri kabisa, wakauza, wakala pesa, halafu mnunuzi alipokwenda kusajili ikaonekana ile karatasi haijawahi kuandikwa na ofisi yoyote. Mnunuzi alidai pesa zake. Mama yao aliuza ng'ombe wote na bado hazikutosha, na shamba lilikaa na kesi mpaka wazee wawili wakafa.

Sasa huo mstari ni nini? Skimu za makazi za kwetu Lamu, kuanzia ile ya Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka hizo za Hindi na kwengine, watu hawakupewa ardhi bure kama wengi wanavyodhani. Ilikuwa ni mkopo. Mfuko ule ulikuwa ni kama benki, unakupa shamba, unalipa kidogo kidogo, na mpaka umalize jina la mfuko linakaa kwenye rejista juu ya jina lako. Ule si uchawi wala si uonevu, ni rehani. Kisha baada ya sheria ya 2012 ule mfuko wa zamani ukageuzwa ukawa Mfuko wa Makazi ya Ardhi chini ya bodi yake, lakini deni halikufa, lilihama tu kutoka mkono huu kwenda huu.

Kwa hivo wa kuondoa mstari ni huyo mfuko na si mtu mwengine yeyote chini ya jua. Nenda ofisi ya makazi inayosimamia skimu yenu, beba namba ya shamba, nakala ya barua aliyopewa baba, cheti cha kifo, na risiti zozote za zamani hata kama zimeliwa na mende. Uliza hesabu ya deni iko wapi. Nimeona mtu ameambiwa bado elfu kadha tu, na mwengine amekuta baba yake alimaliza kulipa tangu zamani ila hakuna aliyekwenda kuchukua karatasi ya kufungua rehani ikasajiliwe, yaani shamba lilikuwa huru miaka ishirini na wenyewe hawajui! Hiyo karatasi ya kufungua rehani ndio mnayoitafuta. Deni likiwepo mnalipa kwa njia rasmi ya serikali mnapata risiti, si kwa simu ya mtu.

Lakini kuna jambo lingine hukuniuliza na nalo ndilo la kwanza. Shamba bado ni la marehemu. Wewe kifungua mimba huwezi kuuza mali ya marehemu kwa sababu wewe ni mkubwa, kuna mama, kuna dada zako, wote wana haki. Muende kwa kadhi kama nyinyi ni Waislamu na mmeridhia huko, au korti nyengine yenye mamlaka, mirathi ifunguliwe, wasimamizi wapewe barua, ndipo mfuko na rejista watakuwa na mtu wa kuongea naye. Na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo kuna bodi ya udhibiti wa ardhi pia, ile sheria ya 1967, ukiuza shamba bila idhini ya bodi mauzo ni batili hata kama mmekula pilau pamoja na mnunuzi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Ndio maana nakwambia usisaini makubaliano na mnunuzi wala usichukue arubuni sasa, saa ya miezi sita itaanza kuhesabu na wewe hata mirathi hujafungua.

Mkikuta kwenye rejista kuna kitu chengine zaidi ya deni, kwa mfano kosheni, yaani zuio la mtu anayedai baba alimuuzia kipande, hiyo ina njia yake. Aliyeiweka anaweza kuitoa mwenyewe, au msajili akamwandikia na akikaa kimya muda ukapita ikaondolewa, au korti. Na aliyeiweka bila sababu ya haki sheria inamruhusu aliyeumia kumdai fidia. Kama ni kizuizi cha msajili mwenyewe, yeye alitakiwa amjulishe mwenye ardhi kwa maandishi, na yeyote mwenye maslahi anaweza kumwandikia aombe kiondolewe, asikilizwe. Barua ya kuomba hivo unaweza kuiandika wewe mwenyewe kwa mkono, si lazima broka.

*Maalim, nyumba ya bibi yetu Mkomani, Lamu, ya mawe. Tunataka kuongeza gorofa mbili juu, mjomba anasema haiwezekani kuna kizuizi na wengine wanasema nyumba yenyewe ni wakfu. – Wajukuu*

Mjomba yuko sawa kuhusu gorofa. Mji mkongwe wa Lamu ni eneo la hifadhi na tangu 2001 uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ujenzi wowote pale, hata kubadilisha dirisha, unapita kwa watu wa makumbusho na kaunti kwanza. Hilo hamtaliondoa na mimi sitawasaidia kuliondoa, gorofa mbili za bloku juu ya kuta za matumbawe zitaiangusha nyumba ya bibi yenu. Ombeni ruhusa ya kukarabati.

La wakfu ni zito zaidi. Kama bibi aliandika wakfu basi ile nyumba haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani, na hakuna wakala wala waziri atakayewafungulia. Andikeni kwa Tume ya Wakfu, Mombasa, waulizeni kama iko kwenye daftari lao. Maneno ya "wengine wanasema" hayatoshi, lakini pia msiyapuuze.

*Maalim, nimesoma majibu yako ya miezi iliyopita na nimechoka. Kila kitu sharti sharti. Hii ardhi ilikuwa ya babu zetu kabla ya hao Waingereza na kabla ya hiyo serikali. Sisi Ngomeni tunaitwa maskwota kwenye ardhi tuliyozaliwa. Mimi nasema Bunge litunge sheria moja, masharti yote ya ardhi ya serikali pwani yafutwe, kila mtu apewe hati huru afanye anavyotaka. Kwani ubaya uko wapi? – Kijana, Ngomeni*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu na sikukasirika. Ulichosema kuhusu babu zako ni kweli na mimi nitakiandika hapa ili wasiojua wajue.

Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Wakasema kila mwenye ardhi aje adai kwa maandishi. Waliokuwa na karatasi, na waliojua njia ya kwenda ofisini, walidai wakapewa. Waliokuwa wanaishi kwa mila, Wagiriama na Mijikenda wengine, na wengi wa visiwani na barani Lamu, hawakudai, wengine hawakusikia kabisa kwamba kuna kudai. Ambayo haikudaiwa ikaandikwa ya Mfalme wa Uingereza. Oktoba 1963 zikabadilishwa barua baina ya waziri mkuu wa Kenya na wa Zanzibar, ukanda ukaingia Kenya, na moja ya ahadi ikawa hati zilizokwisha sajiliwa zitaheshimiwa. Ya Mfalme ikawa ya serikali. Babu yako akalala mwenyeji akaamka skwota, hilo halina ubishi.

Na ndio, baadhi ya masharti yamewaumiza watu. Mradi wa makazi wa Magarini ule uliosaidiwa na Australia tangu miaka ya 1970, watu walipimiwa mashamba kwenye ardhi waliyokuwa wanalima wenyewe tangu zamani, wakawekewa taratibu ambazo hawakuulizwa. Mtu wa aina hiyo akiniambia nifutie huu mstari nitatembea naye ofisi zote. Nikisema skimu zifungue rehani za wazee waliokwisha lipa, nikisema deni la watu walionunuzwa ardhi yao wenyewe lisamehewe kwa sheria, hapo mimi na wewe ni kitu kimoja, na hapo ndipo mbunge ana kazi ya kweli ya kufanya.

Lakini "masharti yote" hapana. Hebu nikuulize, wewe wa Ngomeni, unajua mashamba ya chumvi kuanzia Gongoni mpaka Marereni. Yale yana lisi, na lisi zina masharti. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliwahi kukaa Malindi kuchunguza malalamiko ya watu wa huko, njia zimefungwa, visima vimeharibika, watu wameondolewa. Sasa ukifuta masharti yote siku moja, aliye na ekari tano amefunguliwa ekari tano na aliye na maelfu amefunguliwa maelfu. Nani atakuwa amefaidika zaidi? Utamshika wapi akifunga njia ya kwenda baharini, wakati karatasi pekee iliyokuwa inamwambia usifunge wewe mwenyewe umeomba ichanwe?

Na ya Lamu umesikia. Julai 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejipatia karibu ekari laki tano, ardhi ambayo ilitolewa mwaka 2011 na 2012 wakati bandari mpya inaanza. Laki tano! Kama zile zingekuwa ni hati huru zisizo na sharti wala historia, leo kijana wa Hindi au wa Pate angekuwa anaomba ruhusa ya kukata kuti.

Halafu kuna kesi moja naomba uitafute mwenyewe, ya Mahakama ya Juu, Aprili 2023, kampuni ya Dina na kaunti ya Mombasa. Ploti iko Nyali, imeshika ufuo. Ilitolewa mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, ikauzwa, ikauzwa tena, mpaka ikafika kwa hiyo kampuni ambayo ilinunua kwa pesa na kupata hati. Mwaka 2017 kaunti ikavunja ukuta ili wananchi wapate njia ya kufika baharini. Kampuni ikasema mimi nilinunua kwa nia safi nina hati. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi, ardhi ya umma ilipotolewa mwanzo haikutolewa kwa kufuata sheria, na aliyenunua baadae hawezi kujificha nyuma ya karatasi. Mimi siku ile nilikuwa benchi la nje hapa Malindi na wazee wawili wavuvi, nikawasomea kwenye simu, mmoja akaniambia basi njia yetu ya ufuoni bado inaweza kurudi. Ile njia haikuwa na hati ya mtu. Ilikuwa ni nafasi iliyoachwa kwenye ramani kwa ajili ya watu, yaani ni sharti, na sharti ndilo lililomrudisha mvuvi baharini.

Ndio sababu kila barua inayokuja nauliza swali lile lile, sharti hili ni la nani? La mfuko, mlipe. La jirani anayedai, jibuni. Kama ni la nasari ya Maweni, waongezewe lakini watoto wabaki. La umma, njia ya bahari, kiwanja, soko, diko la kuegesha mashua, hilo ni lako wewe hata kama hati ina jina la mtu mwengine, na Wamarekani wenyewe na ardhi yao yote ile hawalifuti bila kupeleka mswada ukasomwa hadharani kila mtu asikie.

Sasa kuhusu nyinyi hasa. Umesema mnaitwa maskwota lakini hukuniambia ardhi mnayokaa imeandikwa jina la nani, na hilo ndilo la kuanzia. Inaweza kuwa ya serikali ambayo haijagawiwa, inaweza kuwa ndani ya skimu, inaweza kuwa na hati ya mtu ambaye hamjamuona maishani. Kila moja ina njia tofauti. Nenda kwa chifu na wazee wawili mpate namba ya ramani ya eneo lenu, kisha uje Malindi siku ya Jumanne asubuhi, ofisi ya ardhi, tufanye sachi pamoja. Njoo na baba yako na karatasi zozote alizonazo, hata ile ya kodi ya kichwa ya babu kama ipo. Zile risiti za zamani zina jina la kijiji, na hakimu wa korti ya mazingira na ardhi akikuuliza mlikuwa wapi mwaka fulani, utakuwa na kitu cha kumuonyesha.